Kinu cha Gloucester na pampu za Gerezani: sheria zetu zilitoka wapi?

Swali: Mimi nauza pampu na vipuri hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Nilipata tenda ya kuipelekea halmashauri moja pampu za mradi wa maji. Nikaagiza kwa muagizaji mmoja, nikamlipa kianzio, akachelewesha mzigo wiki tano na halmashauri ikanifutia tenda. Kianzio amerudisha, ila faida ya tenda hataki hata kuisikia. Wakili wangu anasema kudai faida hiyo itakuwa kazi ngumu, kwa sababu ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba na kesi ya kinu cha unga huko Uingereza ya mwaka 1854. Nimebaki nacheka kwa hasira. Tumepata uhuru 1961, kwa nini mzigo wangu ulioshuka bandari ya Dar es Salaam upimwe kwa kinu cha Mwingereza? Sheria zetu hasa zilitoka wapi, na za babu zetu zilipotelea wapi?

Jibu: Kaka, wakili wako hajakupotosha, na hasira yako ina msingi. Ila umeielekeza pasipo pake. Ukiniuliza ni sehemu gani ya sheria zetu ambayo bado ina ukoloni ndani yake, sitakutajia kifungu cha 73. Nitakutajia ardhi, na nitakutajia hizohizo tunazoziita mila. Lakini tuanze na kinu, maana ndicho kilichokuudhi.

Mei 1853, katika mji wa Gloucester, akina Hadley walikuwa na kinu cha nafaka kilichoendeshwa kwa injini ya mvuke. Krenkishafti ikavunjika. Hawakuwa na ya akiba, na enzi zile huwezi kutoka ukavuka barabara ukanunua nyingine kwa jirani kama mnavyofanya ninyi Gerezani. Ile iliyovunjika ilibidi ipelekwe Greenwich, karibu na London, kwa mafundi waliounda injini, iwe kielelezo cha kutengenezea mpya. Wakaikabidhi kampuni ya usafirishaji ya Pickford, ambayo mmoja wa wakubwa wake aliitwa Baxendale. Mzigo ukachelewa siku kadhaa, kinu kikasimama, akina Hadley wakadai faida waliyoikosa. Juri, yaani raia walioitwa kuamua kesi, ikawapa. Mwaka 1854 majaji wa Mahakama ya Exchequer wakaitengua na kuagiza kesi isikilizwe upya. Walisema anayevunja mkataba hulipa hasara za namna mbili tu: ile inayotokea yenyewe kwa kawaida ya mambo, na ile ambayo pande zote mbili, siku ya kupatana, zilijua kwamba ingeweza kutokea. Msafirishaji aliyepokea chuma kilichovunjika hakuwa na namna ya kujua kwamba kinu kizima kinakisubiri.

Sasa kuna jambo ambalo wakili wako huenda hakupata muda wa kukueleza. Kanuni ile haikuwa ya Kiingereza. Kesi ikiendelea, Jaji Parke alisema wazi kwamba kanuni yenye busara juu ya jambo hilo ipo Ufaransa, akataja vifungu vya 1149 hadi 1151 vya kitabu chao cha sheria za madai. Kitabu hicho ni kile cha Napoleon, cha mwaka 1804. Walioandika sehemu yake ya mikataba walichota kwa wingi kutoka kwa Robert Pothier, jaji na mwalimu wa sheria wa mji wa Orléans aliyefariki 1772. Na Pothier naye alikuwa mtu wa sheria za Kirumi. Maisha yake yote alishinda ndani ya vitabu ambavyo Mfalme Justiniani aliamuru vikusanywe Konstantinopoli kati ya mwaka 529 na 534. Kwa hiyo ukiamua kumshitaki mwenye kinu, jiandae kuwaunganisha Mfaransa mmoja na Warumi kadhaa.

Vitabu vya Justiniani ndivyo vilivyozaa moja ya koo mbili kubwa za sheria duniani. Kwa karne kadhaa vilikaa karibu kusahaulika huko Ulaya Magharibi, mpaka walimu wa Bologna, Italia, walipoanza kuvifundisha mwishoni mwa karne ya 11. Wanafunzi wakatoka kila upande, wakarudi kwao na kazi mpya mjini: kumshauri mfalme, kuandika mikataba ya wafanyabiashara, kukalia viti vya mahakama. Kutoka hapo ukapatikana mtindo wa kuandika sheria nzima katika kitabu kimoja kilichopangwa vifungu kwa vifungu. Wafaransa wakafanya hivyo 1804, Wajerumani kitabu chao kikaanza kutumika 1900. Wabelgiji wakaupeleka mtindo huo Kongo, Rwanda na Burundi, Wareno wakaupeleka Msumbiji. Ndiyo maana mzigo wako ukikwama Lubumbashi, wakili wa kule ataanza kwa kufungua kitabu cha vifungu, wakati wa hapa Kisutu anaanza kwa kutafuta hukumu iliyowahi kutolewa.

Ukoo wa pili ndio uliotufikia sisi, wa Uingereza. Mfalme Henry wa Pili, aliyetawala 1154 hadi 1189, alitaka nchi nzima ihukumiwe kwa jina lake, si kila bwana shamba na baraza lake. Akawatuma majaji wazunguke. Walikuta kila wilaya ina desturi zake. Wakarudi London wakalinganisha, wakashika ile iliyowapendeza na kuipeleka kila mahali. Hukumu ya leo ikawa mwongozo wa kesho, na hapo pamezaliwa desturi ya mawakili kutaja kesi za zamani mpaka mteja asinzie. Usidhani walikuwa wastaarabu kutuzidi. Mshitakiwa wa enzi hizo alishikishwa chuma cha moto, kisha kidonda kikafungwa na kuangaliwa baada ya siku tatu kama kinapona vizuri. Ni ndugu wa damu na mwavi, ule wa kunywesha watuhumiwa wa uchawi huku kwetu, ambao Waingereza walikuja kuupiga marufuku kwa sauti kubwa. Wao waliuacha wa kwao baada ya mwaka 1215, pale Papa Innocent wa Tatu alipowakataza mapadri kushiriki. Bila padri wa kubariki chuma, ikabidi itafutwe njia nyingine ya kupata ukweli, na juri ya raia 12 ikashika nafasi.

Juri hiyo, kwa taarifa yako, Mwafrika wa Tanganyika hakupewa. Alipewa wazee washauri wanaokaa na jaji kumweleza maoni yao, ambayo jaji hakulazimika kuyafuata.

Lakini kabla ya Mwingereza alikuwepo Mjerumani, na hili watu wengi hulisahau kwa sababu katika vitabu vya sheria ameacha machache. Mahakama zake zilikuwa mbili zisizokutana. Mzungu alihukumiwa na jaji, kwa sheria za Ujerumani. Mwafrika alihukumiwa na mkuu wa wilaya, na chini yake maliwali, maakida na majumbe, na huyo mkuu alikuwa ndiye mtawala, ndiye mkusanya kodi na ndiye hakimu. Wazee wetu walibaki na neno moja la enzi hiyo: hamsa ishirini. Ni viboko 25, kiwango cha juu cha mara moja kilichowekwa na agizo la mwaka 1896. Ukiona mtu anadai kwamba Mjerumani alikuwa mkali lakini wa haki, muulize haki hiyo ilikuwa katika mahakama ipi kati ya hizo mbili.

Vita vya kwanza vikaisha, Tanganyika ikakabidhiwa kwa Mwingereza, na tarehe 22 Julai 1920 ikatolewa amri ya kifalme iliyounda Mahakama Kuu. Tarehe hiyo ikumbuke, ina kazi mpaka leo. Sheria yetu inayoeleza mahakama zitumie sheria gani, ambayo sasa ni Sura ya 358, bado inasema kwamba pale sheria zilizotungwa hapa zinapokaa kimya, Mahakama Kuu itafuata sheria ya majaji wa Uingereza, misingi yao ya usawa, na sheria za bunge lao zenye matumizi ya jumla zilizokuwa zikitumika kule siku hiyo ya 22 Julai 1920. Hukumu za Kiingereza za baada ya hapo jaji wetu anaweza kuzisoma na kuvutiwa nazo, ila hazimfungi.

Hata hivyo kwenye biashara yako sheria haikuja moja kwa moja kutoka London. Ilipitia India. Uingereza yenyewe haikuwa na kitabu cha sheria ya mikataba. Ilikuwa na rundo la hukumu. India ilikuwa na vitabu tayari, vimeandikwa kwa lugha ya mkato kwa ajili ya hakimu aliyeko mbali na maktaba: Kanuni ya Adhabu ya 1860, Sheria ya Ushahidi na Sheria ya Mikataba za 1872, Mwenendo wa Mashauri ya Madai wa 1908. Na pwani hii ilikuwa imezoea. Rufaa za mahakama ya konseli wa Kiingereza pale Unguja zilikuwa zikivuka bahari kwenda Mahakama Kuu ya Bombay, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar na Bagamoyo walizijua sheria hizo kuliko maofisa wenyewe. Mwaka 1920 zikatangazwa kutumika Tanganyika kwa mkupuo.

Ya mikataba tukaitungia nakala yetu mwaka 1961, mwaka uleule wa uhuru, kabla bendera haijapanda. Kifungu cha 73 kikabaki na namba yake ya Kihindi na maneno yake karibu yote. Kilichoachwa ni mifano. Wahindi, chini ya kila kifungu, waliandika mifano midogo ya kumsaidia hakimu, na nikikusomea mmoja wa chini ya kifungu cha 73 utadhani aliyeuandika alikuwa amekaa dukani kwako. Mtu anamkabidhi msafirishaji mashine ya kinu chake, anamwambia kinu kimesimama kinaisubiri. Msafirishaji anachelewa, na mwenye kinu anakosa mkataba wenye faida aliokuwa nao na serikali. Atalipwa nini? Faida ya kawaida ambayo kinu kingeingiza siku hizo, ndiyo. Ile ya mkataba wa serikali, hapana, maana hiyo hakumwambia. Hayo ni ya mwaka 1872, kaka. Tenda za serikali zilikuwa zinafutwa tangu hapo.

Kanuni yetu ya Adhabu ina safari ya ajabu zaidi, nikupe kwa ufupi. Ile ya India ilitumika hapa miaka kumi, kisha wakubwa wa Ofisi ya Makoloni kule London wakaona haifanani vya kutosha na ya kwao. Mwaka 1930 ikaletwa nyingine, hii tunayoiita Sura ya 16, na Kenya na Uganda zikapewa pacha wake mwaka huohuo. Asili yake ni Queensland, Australia, ambako Samuel Griffith aliiandika na ikapitishwa 1899, yeye naye akiwa amechungulia kanuni ya Italia ya 1889. Kufika kwetu ilipitia Nigeria. Kwa hiyo kijana anayekamatwa Manzese kwa kosa la wizi anasomewa maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya Waaustralia, yakachujwa Nigeria. Sheria zetu ni kama Canter lililoungwa Gerezani: injini ya huku, gia boksi ya kule, bodi imechomelewa hapa. Linatembea, ila usimuulize mwenyewe kadi ya gari inasemaje.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, za babu zetu zilipotelea wapi. Hapa ndipo ningependa hasira yako ihamie.

Waingereza walisema mila ziheshimiwe, isipokuwa zile zinazopingana na haki na maadili. Ni maneno matamu. Mwaka 1938 ikafika mbele ya Jaji Wilson kesi iliyotoka kwa Wanyaturu wa Singida, Gwao bin Kilimo dhidi ya Kisunda bin Ifuti. Gwao alikuwa anadai kutokana na kosa la mtoto wa Kisunda, na akataka ng'ombe wa baba wakamatwe, kwa kuwa kwa mila yao baba hubeba kosa la mwanawe. Jaji akakataa. Tena akaeleza kwamba kipimo pekee cha haki na maadili ambacho mahakama ya Kiingereza katika Afrika inaweza kutumia ni kipimo cha Kiingereza. Binafsi simshangai kwa uamuzi, wapo Watanzania wengi ambao leo wangeamua hivyohivyo. Kinachonichoma ni ile sababu. Mila ilikuwa halali kwa kadiri mgeni alivyoipenda.

Upande wa pili wa sarafu ni Gavana Donald Cameron, aliyekuwa hapa 1925 hadi 1931. Yeye alitaka watawala wa jadi watawale. Mwaka 1929 mabaraza ya Waafrika yakatengwa kabisa na Mahakama Kuu. Rufaa ya mwananchi ilipanda kwa mkuu wa wilaya, kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa gavana. Yaani watu wa utawala juu hadi chini, bila jaji hata mmoja. Pale ambapo hapakuwa na chifu, alitafutwa mtu akapewa kiti. Na kila mkuu wa wilaya alipotaka kujua mila inasemaje, aliwauliza wanaume wazee wenye vyeo, akaandika walichojibu. Wajane hawakuulizwa. Vijana hawakuulizwa. Kitu kilichokuwa kikizungumzwa upya kila msiba na kila ugomvi kikaganda kwenye daftari.

Uhuru ulipokuja, serikali ya Mwalimu Nyerere ilifanya jambo kubwa ambalo halisifiwi inavyostahili: mwaka 1963 ilifuta mamlaka ya machifu na kuunganisha mahakama zote katika ngazi moja, kutoka Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu, kwa kila mtu wa kila rangi. Lakini mwaka huohuo ikatangaza rasmi mila zilizokusanywa chini ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni. Lengo lilikuwa jema, makabila ya ukoo wa baba yapate sheria moja. Matokeo ni Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, ambalo katika mirathi linaweka mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, mabinti la tatu, na mjane hana fungu lake pale ndugu wa ukoo wa mume wapo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania ibadilishe, baada ya wajane wawili kupeleka malalamiko.

Hebu tulishushe hili mpaka mtaani. Mwanamume anafariki Mbagala, anaacha mjane, watoto, nyumba na fremu mbili. Mjane anapata nini? Kama marehemu alikuwa Mwislamu na mirathi inaendeshwa Kiislamu, thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa ana watoto. Hiyo ni hesabu ya Qur'ani iliyokuwa ikitumiwa na makadhi wa pwani hii, watu wa madhehebu ya Shafi, muda mrefu kabla ya meli ya Mzungu yeyote. Kama inaendeshwa kwa tangazo la 1963, hana fungu lake mwenyewe. Atakula kupitia watoto. Na kama marehemu alikuwa Mkristo aliyeishi kimjini, mahakama inaweza kutumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, na hapo mjane anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili. India yenyewe iliiacha sheria hiyo na kutunga nyingine mwaka 1925. Sisi bado tunayo.

Nani anaamua ipi itumike? Hakimu, kwa kuangalia marehemu aliishi vipi. Katika shauri moja la 1969 Mahakama Kuu ilitumia sheria ya India kwa sababu marehemu alikuwa ameshaacha maisha ya kimila. Ndiyo sababu pale Temeke, kwenye kituo cha mashauri ya ndoa na mirathi, utasikia ndugu wakibishana kama marehemu alikuwa anakwenda kwao kuzika na kutambika au la. Wanachogombea ni theluthi.

Nimesema pia ardhi. Tarehe 26 Novemba 1895 Mjerumani alitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni lake, isipokuwa ile ambayo mtu angethibitisha ni yake, ni mali ya dola. Mwingereza mwaka 1923 akatunga yake: ardhi yote ni ya umma, chini ya gavana, na wewe unapewa haki ya kuikalia kwa muda, usiozidi miaka 99. Hiyo 99 unaifahamu, imo kwenye hati nyingi za hapa Dar es Salaam. Tulipopata uhuru tukamtoa gavana tukamweka Rais, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Wapo wanaosema mfumo huo ndio uliotuokoa na mabwana ardhi kama wa kwa jirani zetu, na sipingi. Lakini mzizi wake ni ile amri ya 1895, na ndiyo maana mtu wa Kigamboni anayeambiwa apishe mradi hujikuta anazungumza juu ya fidia tu, wala si juu ya kukubali au kukataa. Ilibidi tusubiri mpaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali itamke kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Vinginevyo, alisema, wengi wetu tungekuwa wavamizi katika nchi yetu wenyewe.

Nyalali huyohuyo ndiye aliyeongoza tume iliyotaja, mwaka 1992, sheria 40 za ukandamizaji. Orodha ile inafundisha. Imo Sheria ya Kuhamisha Watu ya 1921, ambayo gavana aliitumia kumng'oa mtu kwake na kumtupa mkoa mwingine, na imo ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, iliyotungwa na bunge letu tukiwa huru. Kwa hiyo tusimtupie mkoloni kila kitu.

Na si kweli kwamba tunapokea tu. Tangu 1979 tuna Mahakama yetu ya Rufani, baada ya ile ya Afrika Mashariki kufa na Jumuiya. Kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, majaji wale walisema mke aliyepika, aliyefua na kulea amechangia mali ya ndoa hata kama hakuleta senti. Hukumu hiyo ni ya kwetu, na mama akidai talaka leo Ilala itatajwa. Mwaka 2021 bunge likaamua lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili. Kazi ya kufasiri ni kubwa na haijaisha, ila siku kifungu cha 73 kitakapokuwa kimezoeleka kwa Kiswahili, mteja kama wewe utakisoma mwenyewe kabla hujatoa kianzio.

Turudi kwenye pampu zako. Jalada lako sijaliona, kwa hiyo msikilize wakili wako kwanza. Lakini usikubali haraka kwamba huna kitu. Swali lote ni moja: siku unaagiza, muagizaji alijua kwamba mzigo huo ni wa tenda ya halmashauri na una tarehe ya mwisho? Kama alijua, uko kwenye mguu wa pili wa kanuni ya Gloucester na faida uliyokosa inadaika. Hata kujua si lazima kuwe kwenye mkataba uliopigwa mhuri. Tafuta meseji. Kama ulimtumia kwenye WhatsApp picha ya barua ya tenda, au ulimwandikia "mzigo lazima ufike kabla ya tarehe fulani, halmashauri wananibana", huo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inauruhusu. Usibadilishe simu bila kuuhifadhi, na usifute maongezi hata kama yana matusi yenu.

Kama hakujua, bado zipo hasara za kawaida. Uliazima au kununua pampu mahali pengine kwa bei ya juu ili kujaribu kuokoa tenda? Weka risiti. Ulilipia stoo au usafiri uliokaa bure? Weka risiti. Na ulifanya nini kupunguza hasara baada ya kuona anachelewa? Kifungu kilekile cha 73 kinamtaka hakimu aliangalie hilo.

Una miaka sita ya kufungua madai ya mkataba tangu ulipovunjwa, ila usingoje, mashahidi wanahama na simu zinaibiwa. Na oda inayofuata, kabla hujatuma kianzio, mwandikie muuzaji mistari miwili: mzigo ni wa tenda ya nani, unatakiwa tarehe gani, na ukichelewa utapoteza nini. Akijibu hata kwa "sawa bosi", ihifadhi.